Keratini si Moja: Dhana Potofu Kuhusu Matabaka ya Kinyweleo

"Kile cheupe ndicho mzizi. Kikitoka, hapaoti tena."

Ng'oa unywele mmoja wa kichwani kwa kuuvuta ghafla, uulaze juu ya karatasi nyeusi, kisha usogee nao karibu na dirisha. Mara nyingi utaona sehemu ya chini, kwa urefu wa milimita mbili tatu hivi, imevaa kitu kama soksi: cheupe, chenye unyevu, kinachopitisha mwanga. Pale Kenyatta Market jijini Nairobi, kati ya moshi wa nyama choma na vibanda vya ususi, kitu hicho huitwa mzizi, na mteja huambiwa kwamba kikishatoka basi, pamekwisha.

Hapajaisha. Hiyo ni ala ya ndani ya kinyweleo, yaani ya kifuko cha ngozini kinachootesha unywele, pamoja na mabaki ya ala ya nje. Papila, yaani kifundo cha seli za ngozi ya ndani kinachouamuru unywele ukue, kwa kawaida hubaki kule chini. Seli shina, zile zinazozaa seli nyingine, nazo nyingi hubaki, kwa sababu makao yake ni kinundu kilicho juu zaidi, pale unapojishikiza msuli mdogo unaosimamisha nywele. Anayetoa nyusi kwa kibanio analijua hili bila kufungua kitabu: wiki chache baadaye anazitoa tena. Kung'oa mahali palepale miaka nenda miaka rudi ni jambo jingine. Hapo kinyweleo kinaweza kuumia hata kikaacha kovu.

Kinachonivutia zaidi ni mahali pa kuteleza. Kati ya ala ya nje na ala ya ndani kuna safu moja ya seli bapa, tabaka mwandani. Seli zake zimeng'ang'ania ala ya ndani kwa nguvu, lakini zimeshikana na ala ya nje kwa ulegevu, na hapo ndipo unywele unaokua hupanda juu kila siku pamoja na ala yake ya ndani. Kwa rangi za kawaida za maabara tabaka hili ni rahisi kulipita bila kuliona. Lilijulikana vizuri ilipopatikana keratini (protini ya nyuzi) inayolitambulisha, ambayo leo inaitwa K75. Tutairudia huko mbele, kwa sababu ina kesi na vinyozi.

Unywele uliodondoka wenyewe kwenye chanuo ni tofauti: hauna ala hiyo, una kirungu kidogo cheupe, kigumu, kwa kuwa ulikuwa umeshamaliza kipindi chake cha kukua. Kupoteza nywele 50 hadi 100 za aina hiyo kwa siku ni kawaida, na hakuna haja ya kununua chochote.

Basi mpangilio wenyewe, kutoka nje kuingia ndani, ni huu. Kuna ala ya tishu unganishi, kisha utando wa msingi, kisha ala ya nje, kisha tabaka mwandani. Inafuata ala ya ndani yenye matabaka yake matatu: la Henle, la Huxley na kutikula ya ala. Mwisho ni unywele wenyewe, wenye kutikula yake (magamba ya nje), koteksi (mwili wake) na, kwa nywele nene, medula katikati. Chini kabisa, zikiizunguka papila, ziko seli za matriksi, ambazo hugawanyika kwa kasi na kuzaa ala ya ndani na unywele. Yote haya yamebanana ndani ya upana usiofika nusu milimita. Ukikata kipande cha ngozi na kukipaka hematoksilini na eosini, rangi za kawaida za maabara, unaona duru ndani ya duru, za waridi na zambarau. Kusema duru ipi ni ipi, hasa kwenye matriksi ambako seli zote zinafanana, ndiyo kazi ya protini za utambulisho, ambazo huonyeshwa kwa kingamwili, yaani molekuli inayoishika protini fulani na kuwekewa rangi ili ionekane.

"Keratini ni keratini tu"

Dhana hii imeshuka kutoka kwenye rafu za maduka ya vipodozi, ambako keratini ni kitu kimoja kinachouzwa kwa mililita. Binadamu ana jeni 54 za keratini zinazofanya kazi: 28 za aina ya kwanza na 26 za aina ya pili. Karibu zote za aina ya kwanza zimejipanga kwenye kromosomu ya 17, na za aina ya pili kwenye kromosomu ya 12. Kati ya hizo 54, 17 ndizo keratini ngumu za unywele na kucha: 11 za aina ya kwanza na 6 za aina ya pili. Zilizobaki ni za ngozi, ulimi, utumbo, konea na kwingineko, na baadhi yake ni za ala za kinyweleo peke yake.

Keratini haifanyi kazi peke yake. Moja ya aina ya kwanza hushikana na moja ya aina ya pili, na nyuzi hujengwa kutokana na jozi hizo. Kwa hiyo ukisema seli fulani ina K14, msomaji mwerevu atauliza jozi yake iko wapi, na jibu kwa kawaida ni K5. Hili peke yake linatosha kuonyesha kwa nini swali la "kuna keratini au hakuna" halina maana ndani ya kinyweleo. Karibu kila seli ya ala na ya unywele ina keratini. Swali ni ipi, na kwa urefu gani kutoka chini.

Kuna mtego wa majina unaowanasa wanafunzi wetu wanaposoma makala za zamani. Mpangilio wa majina unaotumika sasa ulitolewa mwaka 2006. Kabla ya hapo K75 iliitwa K6hf, K71 iliitwa K6irs1, K85 iliitwa hHb5 na K38 iliitwa hHa8. Nimeona ripoti iliyozihesabu K6hf na K75 kama protini mbili tofauti, kila moja na safu yake kwenye jedwali. Ukikutana na makala ya miaka ya tisini, geuza majina kwanza ndipo uendelee.

Na ile chupa ya saluni? Keratini yake imekatwakatwa vipande, mara nyingi kutoka kwenye sufu au manyoya, na hukaa juu ya unywele uliokwisha kufa. Haishuki kwenye matriksi na haiongezi K-yoyote. Zipo dawa za kunyoosha zinazouzwa kwa jina hilo la keratini ambazo hutoa fomaldehaidi zikipitishiwa pasi ya moto. IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, limeiweka fomaldehaidi katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Anayevuta moshi huo mwaka mzima ni msusi kuliko mteja.

"Kila tabaka lina protini yake moja, ukiiona umemaliza"

Hapa ndipo wengi hujikwaa, na si wanafunzi tu. Majedwali ya vitabu yanachangia: safu moja ya matabaka, safu moja ya protini, mshale katikati. Kinyweleo hakiheshimu jedwali hilo.

Chukua K14. Ni alama nzuri ya seli za chini za ala ya nje, lakini iko pia kwenye safu ya chini ya ngozi ya kawaida na kwenye tezi za mafuta. Ukiiona imeng'aa umejua kwamba seli ni ya ukoo wa ngozi ya juu, na hujajua zaidi ya hapo. K6, K16 na K17 hupatikana kwenye seli za ala ya nje zilizo mbali na utando wa msingi, na K6 hufika hata tabaka mwandani. Tatizo ni kwamba hizo tatu pia huamka kwenye ngozi iliyojeruhiwa au iliyovimba. Kipande kutoka kwenye kichwa kilichokunwa usiku kucha kinaweza kukupa picha ya K6 na K17 isiyo ya kinyweleo hata kidogo.

K75 ndiyo inayosifiwa kwa usahihi wake, na kwa kweli ndani ya ala hulionyesha tabaka mwandani vizuri. Lakini imeonekana pia kwenye medula ya unywele. Trikohialini, protini ambayo kingamwili AE15 huishika, ni alama kuu ya ala ya ndani, nayo pia iko kwenye medula. Yaani protini mbili za ala zinakutana tena katikati kabisa ya unywele, duru nne tano mbali na nyumbani kwao. Asiyejua hilo huandika kwamba medula imechafuliwa na rangi.

Ala ya ndani yenyewe ni darasa zuri. K71 iko kwenye matabaka yake yote matatu, hivyo inakuambia uko ndani ya ala bila kukuambia uko kwa Henle au kwa Huxley. K74 hulitambulisha tabaka la Huxley. K72 na K73 ni za kutikula ya ala. Ukizitumia kwa pamoja, matabaka hutengana. Halafu kuna suala la urefu: tabaka la Henle hukomaa na kugumu mapema, chini kabisa ya kinyweleo, na punje zake za trikohialini hutoweka hapo. La Huxley hubaki na punje zake hadi juu zaidi. Kwa hiyo AE15 ileile, kwenye kioo kilekile cha hadubini, huonyesha Henle chini na Huxley juu. Mchoraji wa ripoti asipoandika mkato ulipita wapi, picha yake haina thamani.

Kutikula mbili nazo huwachanganya watu. Ya unywele na ya ala zimekabana, magamba ya moja yakiingia kwenye magamba ya nyingine, na hivyo ndivyo unywele unavyoshikiliwa wakati unakua. Kwa hadubini ya kawaida mstari wa kuzitenganisha ni mwembamba mno. K82 na K32 ni za kutikula ya unywele. K72 na K73 ziko upande wa pili. Sijui njia ya haraka zaidi ya kuzitenganisha.

Ndani ya koteksi, keratini hupishana kama zamu. K35 na K85 huanza mapema, chini karibu na matriksi. K31 hufuata, kisha zinaingia nyingine kama K83 na K86, na K34 huchelewa. Kingamwili ya zamani AE13 hushika keratini za unywele za aina ya kwanza kwa ujumla, kwa hiyo inakupa koteksi nzima bila kukupa zamu.

Upande wa nje ya utando wa msingi nitaupita haraka. Aktini ya misuli laini huonyesha ala ya tishu unganishi, ila inaonyesha pia msuli wa kusimamisha nywele na kuta za mishipa ya damu. Versikani husaidia kwenye papila. Kolajeni ya nne na laminini huchora utando wa msingi. Ki-67 inaonyesha seli zinazogawanyika, na kuihesabu kama alama ya tabaka ni kosa ninaloliona kila muhula. Matriksi hung'aa kwa sababu ina kazi nyingi, na seli nyingine yoyote inayogawanyika itang'aa vilevile.

"Kilichothibitishwa kwa panya kinatosha"

Mwaka 1990 Cotsarelis, Sun na Lavker walionyesha kwamba seli zinazogawanyika polepole kwenye kinyweleo cha panya zimekaa kwenye kinundu, wakati wengi waliamini seli shina ziko chini kwenye matriksi. Mwaka 2003 Trempus na wenzake wakaonyesha kwamba protini CD34 inatambulisha seli hizo za kinundu, bado kwa panya. CD34 ikapendwa. Ni rahisi kuipata, na watu wa damu walikuwa wameizoea.

Ukiipeleka kwa binadamu inakudanganya. Kinundu chetu hakina CD34. Inapatikana kwenye ala ya nje iliyo chini yake. Anayetumia alama ya panya kutafuta seli shina za mtu atachota seli zisizo zenyewe na kuziita shina. Mwaka 2006 Ohyama na wenzake walieleza kwamba CD200 ndiyo inayofaa kwa kinundu cha binadamu. K15 nayo hutumika sana, lakini kwa tahadhari, kwa kuwa inaweza kuonekana kwenye safu ya chini ya ala ya nje nje ya kinundu, na kwenye ngozi pia.

Kisa cha K15 ni kitamu. Kulikuwa na kingamwili iitwayo C8/144B, iliyotengenezwa kutambua CD8, protini ya limfositi za T, ambazo ni seli za kinga ya mwili. Haina uhusiano wowote na nywele. Lakini kwenye vipande vya ngozi ya kichwa ilikuwa inapaka rangi seli za kinundu. Mwaka 1998 Lyle na wenzake walionyesha kwamba pale kwenye kinyweleo inashika K15, na tangu hapo imetumika kuonyesha mahali pa seli shina za nywele za binadamu. Kingamwili haijui jina la protini lililoandikwa kwenye chupa yake. Inashika umbo la kipande kidogo, na umbo hilo likiwa kwenye protini nyingine, itashika na hiyo.

"Palipo na kahawia ndipo penye protini"

Hili linatuhusu sisi wa Nairobi kuliko mtu wa Stockholm. Maabara nyingi humalizia kazi ya kingamwili kwa DAB, kemikali inayoacha rangi ya kahawia mahali kingamwili iliposhika. Melanini, rangi ya asili ya nywele na ngozi, nayo ni ya kahawia. Na karibu kila kipande cha ngozi ya kichwa kinachoingia kwenye maabara zetu kina nywele nyeusi.

Weka kioo cha namna hiyo chini ya lenzi ya 40. Katikati ni papila, seli zake ndefu zimepauka kwa samawati. Juu yake, upande wa koteksi inayoanza kujengeka, kuna mkusanyiko mzito wa kahawia. Umepaka K85, na K85 inatakiwa kuwa papo hapo. Moyo unatulia, unaandika chanya. Sasa chukua kioo cha pili cha kinyweleo kilekile ambacho hakikuwekewa kingamwili ya kwanza. Kahawia ipo vilevile. Ni melanini, iliyomiminwa na melanosaiti, seli zinazoitengeneza, zilizokaa juu ya papila hiyohiyo, ikipandishwa ndani ya seli za koteksi.

Kwa jicho lililozoea kuna tofauti. DAB hutapakaa ndani ya seli kwa ulaini. Melanini ni punje punje, nyeusi zaidi, na mara nyingi imejikusanya upande mmoja wa kiini. Lakini jicho huchoka saa kumi jioni, hivyo ni bora kubadilisha mbinu. Tumia kemikali inayoacha nyekundu badala ya kahawia. Au malizia kwa rangi ya Giemsa, ambayo huigeuza melanini kuwa ya kijani iliyochanganyika na samawati, na kahawia ya DAB ikabaki peke yake. Kuichujua melanini kwa peroksidi inawezekana pia, ila dawa hiyo inaweza kuiharibu protini unayoitafuta. Wanaotumia rangi zinazong'aa gizani nao wasijione wameokoka: unywele hung'aa wenyewe, bila kingamwili yoyote.

Upande wa pili wa dhana hii ni kwamba pasipo rangi hapana protini. Keratini za koteksi zikishapanda juu hufungana kwa vifungo vya salfa, seli hukauka na kufa, na kingamwili haipati pa kuingia. Rangi hufifia hapo juu, na mtu huandika kwamba keratini imetoweka, wakati unywele uliokomaa umejengwa kwa keratini kuliko kitu kingine chochote. Fomalini, dawa ya kuhifadhia vipande, huleta tatizo la aina hiyo kwa njia yake, ndiyo maana vipande vilivyohifadhiwa kwenye nta huchemshwa kwanza kwenye maji ya sitireti ya pH 6 au ya EDTA ya pH 9, kutegemea kingamwili.

Kuna pia suala la kisu. Kinyweleo cha nywele zetu kimepinda, wakati mwingine kama upinde kamili, na mkato wa wima hukipata nusu na kukipoteza nusu. Unaona ala ya nje imekatwa mshazari, imeonekana nene isivyo, na ala ya ndani haipo kabisa. Haijaliwa na ugonjwa; imepitwa na kisu. Kwa vipande vya milimita 4 vinavyochukuliwa kichwani, mkato wa mlalo hukuonyesha vinyweleo vingi kwa wakati mmoja na kila duru mahali pake.

"Nywele za Mwafrika zina protini yake"

Hazina. Keratini ni zilezile na jeni ni zilezile. Kinachotofautiana ni umbo la kinyweleo na mpangilio wa vilivyomo. Mwaka 2005 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba unywele uliojikunja hupangwa hivyo tangu chini, kwenye tunguu, na kwamba K38 ambayo kwenye unywele ulionyooka imezunguka koteksi kwa usawa, kwenye uliojikunja imeelemea upande wa ndani wa mkunjo. Chanuo na mafuta havina sauti katika jambo hilo.

"Vipele vya ndevu ni uchafu wa kinyozi"

"Kijana, mashine yako ndiyo imenitoa hivi vipele."

"Mzee, si nimeipaka spiriti ukiniangalia?"

Mazungumzo haya yanasikika kwa kinyozi yeyote kuanzia Kawangware hadi Umoja, na mara nyingi kinyozi ndiye mwenye haki. Mashine chafu huleta mashilingi (ugonjwa wa fangasi wa kichwani) na maambukizi mengine, hilo ni kweli na spiriti haiepukiki. Lakini vile vipele vigumu vya kidevuni na shingoni vinavyotokea siku chache baada ya kunyoa hadi chini kabisa huanza unywele uliojikunja unapochongwa ncha kali, ukajipinda na kuichoma ngozi upya. Mwili huupokea kama mwiba.

Si kila mwenye nywele za kujikunja huvipata, na hapa K75 inarudi. Mwaka 2004 Winter na wenzake walieleza badiliko moja kwenye jeni ya K75 ambapo asidi amino moja, alanini, hubadilishwa na nyingine, threonini, na wakaonyesha kwamba wenye badiliko hilo wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata vipele hivyo. Kumbuka tabaka mwandani ni njia ya kutelezea. Nyuzi zake zikiwa dhaifu, ushikwaji wa unywele ndani ya ala huyumba. Badiliko hilo halitoshi peke yake: wapo wanaolibeba bila vipele, na wapo wenye vipele bila kulibeba. Dawa ya kwanza inabaki ileile ya kutonyoa hadi chini kabisa. Acha ndevu kidogo, mwambie kinyozi aweke kifaa cha namba moja.

"Kunyonyoka utosini ni adhabu ya kusuka"

Kusuka kwa kubana huharibu pembe za uso, kwenye paji na juu ya masikio, na uharibifu huo ni halisi. Lakini kuna ugonjwa mwingine unaoanzia utosini na kupanuka kwa duara, ukiacha kovu laini lisilo na vitundu, na huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika. Kwa muda mrefu wagonjwa waliambiwa wamejiletea wenyewe kwa dawa za kunyoosha, kitana cha moto na mabutu. Wengi walikubali lawama hiyo.

Mwaka 2019 Malki na wenzake walichunguza jeni za wagonjwa na kukuta mabadiliko kwenye jeni ya PADI3 kwa 14 kati ya 58. PADI3 ni kimeng'enya kinachogeuza arginini kuwa sitrulini ndani ya trikohialini, na bila kazi hiyo trikohialini haijengi ala ya ndani ipasavyo. Wapatholojia walikuwa tayari wamezoea kuona jambo hili kwenye vipande vya wagonjwa: ala ya ndani imemomonyoka mapema, chini ya kiwango inakotakiwa kuishia, na unywele umebaki ukisugua ala ya nje bila kinga. Jeni ya ala ya ndani ikawa imepatikana kwenye ugonjwa ambao ala ya ndani ndiyo inayoharibika mapema. 14 kati ya 58 si wote, na staili za nywele zinaweza bado kuzidisha hali. Ila kumwambia mama aliyesuka kama dada zake wote kwamba yeye peke yake ndiye aliyekosea ni kutomtendea haki.

Anayeona utosi unapwaya aende kwa daktari wa ngozi mapema, na kipande kikichukuliwa kichukuliwe pembeni ambako ugonjwa bado unaendelea. Katikati ya kovu hakuna duru za kupaka rangi.

"Kichwa chenye upara kimeishiwa seli shina"

Kwenye upara wa kovu, kinundu kikishaharibiwa, hilo linakaribia ukweli. Kwenye upara wa kawaida wa wanaume, ule wa kurithi, mambo ni mengine. Mwaka 2011 Garza na wenzake walilinganisha ngozi yenye nywele na ngozi yenye upara kutoka kwenye vichwa vya wanaume walewale. Seli zenye K15 nyingi zilikuwepo pande zote mbili, kwa kiasi kinachokaribiana. Zilizopungua sana ni seli za hatua inayofuata, zile zenye CD200 nyingi pamoja na integrini alfa 6 (protini nyingine ya utambulisho), na zile zenye CD34. Mwenye upara wa aina hiyo ana vinyweleo vilivyonywea, na ndani yake seli shina zimekaa. Zinazotakiwa kutoka kwao kwenda kuujenga unywele ndizo haba. Na kwa kuwa hicho ni kichwa cha binadamu, hizo CD34 ni seli za chini ya kinundu. Aliyezoea panya akiipitia ripoti hiyo mbiombio anaweza kuona "CD34 imepungua" na kuandika kwamba seli shina zimekwisha, kinyume kabisa cha kilichopatikana.